Kutuliza kelele za injini kwenye Mercedes-Benz 240D: boneti, ukuta na matundu yake

Fungua boneti ya Mercedes-Benz 240D iliyokaa miaka mingi kwenye joto la Pwani, kisha pitisha kidole kwenye sponji nyeusi iliyobandikwa upande wa ndani. Kama ni ile ile ya kiwandani, itamong'onyoka kama keki kavu na kukuachia unga mweusi mkononi. Joto na unyevu huila sponji ya aina hiyo taratibu, hata kama gari limeegeshwa tu. Unga wenyewe nao hauishii hapo. Huangukia juu ya injini, huziba mashimo ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, na mwingine huvutwa na feni ya hewa ukapulizwa usoni pa abiria kupitia matundu ya dashibodi.

Ninalizungumzia gari ambalo kiwanda kililipa jina la W123, lililoingia sokoni 1976 na kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu magari milioni 2.7 ukijumlisha aina zote. Injini ya 240D ni OM616, dizeli ya silinda nne yenye lita 2.4, nguvu-farasi 65 mwanzoni na 72 baadaye. Haina mbio, ila haichoki, na ndiyo maana Morocco waliigeuza teksi ya masafa marefu kwa miongo kadhaa. Lakini ni dizeli ya zamani, na asubuhi ikiwa baridi inagonga kiasi kwamba jirani anajua umeamka.

Gari letu lilikuwa la baba, na kazi hii tumeifanya mara mbili. Mara ya kwanza tulimpa fundi wa viti, akabandika sponji ya godoro kwa gundi ya viatu. Ilipendeza kwa wiki chache. Kisha gundi ikalegea kwa joto, sponji ikaning'inia, na tukiwa njiani kuelekea Morogoro tukaanza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Tulisimama, tukafungua boneti, tukaing'oa kwa mikono yote miwili kabla haijashika moto. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja kuhusu kazi hii: kitu chochote kinachoingia chini ya boneti kisiwake, kisinywe mafuta, na kisianguke. Utulivu wa sauti unakuja baada ya hayo matatu. Maelezo yanayofuata ni ya mara ya pili, na mengi yatakufaa hata kama gari lako ni Peugeot 504, Land Rover au Datsun.

Kwanza, sikiliza kabla ya kununua chochote

Kelele nyingi zinazoitwa "za injini" si za kufunikwa, ni za kutengenezwa. Valvu za OM616 hurekebishwa kwa mkono, injini ikiwa baridi: nafasi ya milimita 0.10 upande wa hewa kuingia, na milimita 0.30 upande wa moshi kutoka. Zikiachwa miaka bila kuguswa zinagonga kwa sauti kavu ya cherehani, na hakuna kapeti itakayoificha sauti hiyo. Mpe fundi kazi hiyo kwanza. Tena ukimpa, muulize kama ana spana bapa za 14 zilizopindwa kwa kazi ya valvu. Asiye nazo mara nyingi hukadiria kwa sikio.

Baada ya valvu, angalia mauntingi, yaani zile raba zinazobeba injini. Acha injini ingurume bila gia, kisha tazama mkono wa gia na kioo cha ndani. Vikicheza sana hadi taswira kwenye kioo haionekani vizuri, raba zimekwisha, na mtetemo unaingia kwenye bodi moja kwa moja kama nyundo. Kagua pia zile dampa ndogo zinazoshika injini isitikisike, raba za kuning'inizia ekzosi, na maungio ya ekzosi yasivuje. Bamba lolote lililolegea libane. Ni kazi ya nusu siku, na kwetu sisi ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko nyenzo yoyote tuliyobandika baadaye.

Ukishamaliza, chukua kipimo. Programu ya simu ya kupimia desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, haitakupa namba ya maabara, lakini inatosha kulinganisha kabla na baada. Weka simu mahali pamoja, mfano juu ya kiti cha abiria, vioo vimefungwa, feni imezimwa. Andika namba injini ikinguruma bila gia, kisha ukiwa kilomita 80 kwa saa gia ya nne kwenye kipande kile kile cha barabara. Kumbuka kwamba sikio huhisi upungufu wa desibeli 10 kama kelele imekuwa nusu. Upungufu wa desibeli 3 utauona kwenye simu, lakini sikio litauhisi kwa shida.

Matundu: usiku, na tochi yenye mwanga mkali

Ukitaka kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii. Kati ya injini na miguu ya dereva kuna ukuta wa chuma. Umetobolewa sehemu nyingi: waya, mipira ya maji ya hita, nguzo ya usukani, kebo ya boneti, kebo ya spidi, fimbo za pedali ya mafuta, mpira wa klachi. Kila tundu lilikuwa na raba yake, na baada ya miaka 40 raba hizo zimekauka, zimepasuka, au fundi wa redio alizitoa apitishe waya wake akaziacha sakafuni.

Sauti hupita kwenye tundu kama maji yanavyopita kwenye ufa wa ndoo. Hesabu yake inashangaza: matundu yakifika asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, ukuta wote hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, hata uujenge kwa chuma cha kifaru cha vita. Kwa hiyo anayebandika nyenzo za bei kubwa huku tundu la waya liko wazi anapoteza fedha.

Kuyapata ni rahisi. Subiri giza liingie kabisa, egesha mahali pasipo na taa, zima injini. Mtu mmoja aingie ndani, afunge milango, ajikunje chini ya dashibodi upande wa dereva kisha wa abiria. Mwingine apitishe tochi taratibu kwenye ukuta upande wa injini. Kila mahali mwanga unapoonekana, weka alama kwa chaki. Sisi tulihesabu sehemu tisa, na moja ilikuwa tundu la kidole gumba ambalo hakuna aliyejua lilitobolewa kwa kazi gani.

Raba mpya za kupitishia waya zinapatikana kwenye maduka ya spea za umeme wa magari. Pima kipenyo cha tundu kwanza. Tundu lisilo na kazi lifunike kwa kipande cha bati kilichopakwa silikoni inayostahimili joto, ukikifunga kwa skrubu fupi. Nasema fupi kwa makusudi, kwa sababu upande wa pili kuna shada la waya. Raba ya nguzo ya usukani usiibadilishe kwa kitu cha kubahatisha. Tafuta yenyewe, hata iliyotumika, mradi haijachanika.

Jambo moja ni la gari hili. 240D haizimwi kwa kukata umeme kama gari la petroli. Ukigeuza ufunguo, mvuto wa hewa hupita kwenye mirija myembamba ya plastiki, unavuka ukuta, unakwenda kufunga pampu ya dizeli. Ukiubana mrija huo kwa raba mpya au ukiupasua kwa bisibisi, gari litaendelea kunguruma huku ufunguo uko mfukoni. Likikutokea, usihangaike: juu ya injini kuna mkono mdogo ulioandikwa STOP, ubonyeze mpaka injini izime, kisha rudi utafute mrija ulioumia.

Nyenzo: zipi, na kila moja kazi yake

Watu huziita zote "saundi pruufu" na kuzinunua kama kitu kimoja. Ziko za aina tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza hutuliza mtetemo wa bati lenyewe. Ni shiti nzito ya butili, aina ya mpira unaonata, yenye karatasi ya alumini mgongoni. Ukigonga bati tupu linalia kama sufuria. Ukiibandika butili linalia kama ubao. Haihitaji kufunika bati lote, robo ya eneo katikati ya bati bapa inatosha, kinachozidi hapo ni uzito na gharama. Shiti za lami zinazofanana nayo ni rahisi kwa bei, lakini upande wa injini usiziweke: lami hulainika kwa joto, ikaanza kutiririka.

Ya pili humeza sauti inayorukaruka kati ya injini na boneti. Hapa ndipo sponji inapohusika, na ndipo makosa yalipo mengi. Sponji ya godoro ni poliurethani. Inashika moto haraka, inatoa moshi wenye sumu na inadondosha matone yanayowaka. Inayofaa ni sponji ya melamini iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini au kitambaa kigumu cheusi: ni nyepesi mno, inastahimili joto, na ukiondoa mwali hujizima. Kapeti za nyuzi zilizoshindiliwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya boneti, nazo ni nzuri. Kwa W123 kuna za kuagiza zilizokwisha kukatwa kwa umbo la boneti, na kama una mtu wa kukuletea kutoka Ujerumani au Dubai utajiokolea kazi. Hakikisha tu muuzaji anataja kwamba nyenzo haishiki moto, na ikifika ijaribu.

Jaribio lenyewe ni hili, lifanyie nje, juu ya mchanga, ndoo ya maji ikiwa karibu. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kishike kwa koleo, kiwekee mwali wa kibiriti cha gesi kwa sekunde 10, kisha uondoe. Kikiendelea kuwaka, au kikidondosha matone ya moto, kirudishe dukani bila kujali kimeandikwa nini. Kipande kingine kitone dizeli juu ya ule uso wa kufunika, subiri dakika chache, futa. Kama dizeli imezama ndani, nyenzo hiyo itageuka utambi ndani ya mwaka mmoja.

Ya tatu huzuia sauti isipite, na kinachozuia ni uzito. Vinaili nzito, ile yenye karibu kilo 5 kwa kila mita ya mraba, inawekwa kwenye ukuta upande wa ndani ya gari, chini ya kapeti ya sakafu. Kwenye boneti haifai, maana uzito huo utazishinda springi za bawaba na gundi pia.

Kwa aliye mbali na wauzaji wa vifaa vya magari, pitia maduka ya vifaa vya viyoyozi. Wanauza shiti za mpira wa nitrili zenye vitundu vilivyofungika, za kufungia mabomba, na mkanda wa alumini wa kuzibia viungo. Mpira huo haunywi maji na ni mzuri kwa ukuta na kwa kuzibia nafasi, ingawa kwa kumeza sauti chini ya boneti haufikii melamini. Mkanda wa alumini utauhitaji kwa vyovyote vile.

Kuhusu gundi, ile ya fundi viatu inalegea kwenye joto la boneti. Utaona joto linapanda zaidi pale unapozima injini baada ya safari, kwa sababu feni na upepo vimesimama lakini chuma bado kinachemka. Nunua gundi ya mpira iliyoandikwa kiwango chake cha joto, kisha chagua yenye kiwango kikubwa, ile ya kubandikia dari za magari na kapeti za boneti.

Kuondoa ya zamani

Injini iwe baridi kabisa. Toa waya hasi wa betri kwanza, kisha chanya. Vaa barakoa, miwani na shati la mikono mirefu. Funika injini yote kwa shuka la zamani au turubai, na ziba mdomo wa hewa ya injini kwa kitambaa safi cha rangi kali. Nasema rangi kali ili usikisahau. Kitambaa kilichovutwa ndani ya dizeli kitakugharimu kuliko gari lenyewe.

Boneti ya W123 ina jambo zuri ambalo wamiliki wengi hawalijui: inasimama wima kabisa. Kwenye bawaba kuna kifungio cha kusukuma, ukikiachia boneti inapanda hadi digrii 90. Mwenzako aishike wakati huo, na upepo mkali ukiwepo usifanye. Ikisimama wima, unafanya kazi ukiwa umesimama kama mtu anayepaka rangi ukuta.

Sponji iliyooza ing'oe kwa mkono, iingie moja kwa moja kwenye mfuko. Mabaki yaliyoshikana na gundi yakwangue kwa mwiko mdogo wa mti au plastiki ngumu. Bisibisi na brashi ya waya ya mashine zitaondoa rangi, na chuma tupu Dar es Salaam hakimalizi wiki mbili bila kutu. Gundi iliyobaki ilowanishe kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, subiri dakika 10, kwangua tena. Ni kazi ya kuchosha. Sisi ilituchukua siku nzima. Baada ya hapo osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mara mbili, kausha, kisha futa kwa spiriti. Mafuta ya taa yakibaki, hakuna gundi itakayoshika.

Tahadhari kuhusu magari ya miaka ya 1970 na kurudi nyuma, ya kampuni yoyote: baadhi ya vizuia joto vyake vilitengenezwa kwa asibestosi. Ukikuta kitu cha kijivu chenye nyuzi kama ubao wa karatasi karibu na ekzosi au kwenye ukuta, usikipige msasa wala usikivunje kikiwa kikavu. Kilowanishe, kifunge kwenye plastiki mbili, au kama kiko salama kiache kilipo.

Sasa kagua kutu. Tazama chini ya sinia la betri na pembe za mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Zibua mashimo ya kutolea maji, mwaga kikombe cha maji mferejini uone yanatokea chini. Kutu iliyofunikwa na kapeti mpya hukua bila kuonekana. Ikwangue, paka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi, na uiache ikauke siku mbili.

Kupima na kukata

Kabla ya kuchagua unene, jua nafasi uliyonayo. Tengeneza madonge ya unga wa chapati uliokandwa mgumu, yafunge moja moja kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, yaweke juu ya sehemu zilizoinuka: kifuniko cha chujio la hewa, kifuniko cha valvu, juu ya rediata. Funga boneti taratibu mpaka ibofye, fungua, kisha pima unene wa kila donge lililobonyea. Toa milimita 10 za usalama, kwa sababu injini hucheza kwenye raba zake hasa unapowasha na kuzima. Kinachobaki ndicho unene wako. Kwetu milimita 20 zilitosha sehemu kubwa, na juu ya chujio la hewa tukashuka hadi 10.

Kielelezo kikate kwa makaratasi ya katoni yaliyofunguliwa au magazeti yaliyounganishwa kwa gundi ya karatasi. Bandika kwa muda kwenye boneti, fuata mbavu za chuma kwa kidole, chora, kata. Acha milimita 10 hadi 15 pembeni zote. Acha wazi kabisa eneo la kufuli, bawaba, na matundu ya kutolea maji kwenye fremu ya boneti. Andika "juu" na "mbele" kwenye kila kipande. Ukikihamishia kielelezo kwenye nyenzo, kumbuka unakatia upande wa nyuma, hivyo kigeuze. Vinginevyo utapata kapeti ya boneti iliyo kinyume, na melamini si ya kuchezea.

Kata kwa kisu cha bleidi ndefu, bleidi mpya, kwa kuvuta mara moja bila kusaga. Kisha ziba kingo zote kwa mkanda wa alumini, kuzunguka kipande chote. Kingo zilizo wazi ndizo mlango wa dizeli, maji na panya.

Kubandika

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubandika boneti ikiwa wima garini. Ya pili, ninayoipendelea, ni kuitoa kabisa. Chora mstari wa kalamu ya wino usiofutika kuzunguka bawaba, watu wawili mshike kila upande, toa nati, na muilaze kichwa chini juu ya godoro. Ikiwa imelala, uzito wa dunia unafanya kazi upande wako. Wakati wa kurudisha fuata ile mistari, vinginevyo mianya ya pembeni itakuwa haifanani.

Kama unaweka butili, anza nayo: mapande mawili matatu katikati ya bati bapa, siyo juu ya mbavu, uisugue kwa rola mpaka ile michoro ya alumini ilale. Usiende zaidi ya hapo, boneti isije ikawa nzito.

Gundi ifanyie kivulini, mahali penye hewa, bila jiko wala sigara karibu. Mvuke wake unawaka. Paka pande zote mbili, bati na kapeti, kwa tabaka jembamba. Subiri mpaka ukigusa kwa kidole gundi isikufuate, kwa kawaida dakika 10 hadi 15, ila fuata maandishi ya kopo na hali ya hewa ya siku hiyo. Siku ya mvua inachelewa. Gundi ya namna hii ikigusana haiachii, hivyo hakuna nafasi ya kusogeza. Tandika karatasi ya kuokea juu ya bati lote lililopakwa, acha sentimita tano tu wazi upande mmoja. Weka kapeti mahali pake, bandika ule ukingo, kisha vuta karatasi kidogo kidogo huku ukikandamiza kutoka katikati kwenda nje. Watu wawili ni lazima.

Juu yake panga mifuko midogo ya mchanga, na iache mpaka kesho yake. Kapeti za boneti zenye matundu ya vibanio vya plastiki ziwekewe vibanio hivyo pia. Gundi peke yake juu ya kichwa cha injini siiamini tena.

Ukuta

Upande wa injini, tumia nitrili au sponji yenye alumini, vipande vidogo vidogo vinavyofuata umbo, siyo shiti moja kubwa. Usifunike sahani ya namba za chasisi, maungio ya breki, wala mahali fundi anapohitaji kufikia. Kaa mbali na ekzosi. Raba ndefu inayokaa ukingoni, pale boneti inapokutana na ukuta, ibadilishe kama imekauka. Ndiyo inayozuia hewa ya injini, pamoja na harufu ya dizeli, isiingie kwenye mfereji ambamo kabini hupata hewa yake.

Upande wa ndani ndipo utulivu wenyewe unapopatikana. Toa ubao wa chini ya dashibodi, inua kapeti ya sakafu, butili kidogo kwenye chuma, kisha tabaka laini la sponji au feliti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizoshindiliwa), na juu yake vinaili nzito. Vinaili isigundishwe kwenye chuma. Ile tabaka laini katikati ndiyo inayoitenga na mtetemo, na ukiibandika moja kwa moja umeongeza uzito tu. Kila mahali waya unapopita, kata mkato mmoja na uuzibe kwa mkanda, usikate dirisha.

Kisha kanyaga kila pedali mpaka mwisho, mara kumi. Ya mafuta iwe huru kurudi yenyewe, ya klachi isiguse vinaili, ya breki isizuiwe hata milimita moja. Irudishe kapeti na ujaribu tena. Nyenzo iliyokunjamana nyuma ya pedali ya mafuta inaua watu, na hapa sikubali haraka ya fundi yeyote.

Chini ya injini

Kama gari lako bado lina bamba la chini ya injini, lirudishe. Mafundi wengi huliondoa kwa kumwaga oili na kuliacha gereji. Sauti ya dizeli inashuka chini, inagonga lami, inaingia kwa madirisha. Mercedes-Benz wenyewe walipoleta 190D mwaka 1983 walifunga injini pande zote kwa mabamba ya namna hii, na kelele zikapungua karibu nusu. Lisafishe oili yote kabla ya kulirudisha, na usilibandike sponji: pale chini inaloa.

Kujaribu

Toa kitambaa kwenye mdomo wa hewa. Toa shuka. Hesabu spana zako. Rudisha betri, chanya kwanza. Funga boneti kwa mkono, usiiachie ianguke, sikiliza kama inagusa kitu. Washa, iache ingurume dakika 20 mpaka ipate joto kamili, ukisimama karibu na kizima moto. Harufu ya gundi kidogo siku ya kwanza ni kawaida, moshi siyo. Zima, subiri dakika 15 za lile joto linalopanda, fungua, na upitishe kiganja kwenye kingo zote.

Rudi kwenye barabara ile ile, kilomita 80 kwa saa, gia ya nne, simu juu ya kiti cha abiria. Kwetu ile sauti ya kugonga ndiyo iliyoondoka zaidi, ukabaki mngurumo wa chini ambao gari hili limezaliwa nao, na mama akiwa kiti cha nyuma anazungumza bila kupaza sauti.

Baada ya kilomita 500 fungua tena. Tafuta kona iliyoachia, mkanda uliofunuka, alama ya kusuguliwa juu ya chujio la hewa. Penye alama punguza unene, penye kona safisha kwa spiriti na ubandike upya. Ukiona doa la dizeli, acha kapeti kwanza, katafute bomba linalovuja.